Kumhudumia mzee bila kumharakisha

Dada, umeuliza utaonyeshaje kujali katika makao ya wazee ambako muuguzi mmoja huhudumia wengi na muda wa mazungumzo haupatikani. Anzia kwenye kazi yenyewe. Tafiti zilizolinganisha maoni ya pande mbili zimeonyesha mara nyingi kwamba wauguzi hutanguliza faraja na maneno mema, ilhali wanaohudumiwa hutanguliza ustadi. Kwa mzee asiyeweza kujigeuza, kumgeuza kwa ratiba, kukagua ngozi ya visigino, nyonga na makalio, na kubadilisha mara moja shuka iliyolowa ndiko kujali kwenyewe, kwa kuwa vidonda vya kulalia huanza kimyakimya.

Mazungumzo yaingie humo humo: mwamkie shikamoo, mweleze unachotaka kufanya kabla ya kumshika, kisha msubiri ajibu, maana mwenye usikivu hafifu huonekana mkaidi kumbe hajasikia. Funga pazia unapomwogesha. Lugha ya kitoto iache kabisa, hata ikiwa ya mapenzi. Kwa mtu aliyelea wajukuu, hiyo ni dharau. Na anayeweza kushika kijiko mwenyewe, hata akimwaga uji, mwachie ashike.