Maisha yamekuwa ratiba tupu: tucheze wapi?

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinatoka kwa watu wasiofahamiana, lakini zote zinauliza jinsi mtu mzima mwenye kazi, familia na majukumu anavyoweza kupata nafasi ya kucheza na kuonja jasura bila ya kuyaacha maisha aliyo nayo. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa nadhani wasomaji wengi watajiona humo.

Swali

Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 38, naishi Kimara, Dar es Salaam, na nafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja iliyoko Posta. Kila siku ya kazi huamka saa kumi na nusu alfajiri, hupanda basi la mwendokasi, hushuka Posta ya Zamani, na jioni hurudi kwa njia ileile huku nikiwaza madaftari ya shule na mboga ya usiku. Sina shida kubwa: mume wangu ni mtu mwema, mshahara unafika na watoto wana afya. Lakini juzi mwanangu mdogo aliniuliza, "Mama, wewe huwa unacheza nini?" nikakosa la kumjibu. Rafiki zangu huenda Serengeti na Zanzibar wakaweka picha mtandaoni. Mimi uwezo huo sina. Je, mtu mwenye maisha kama yangu ataipata wapi jasura?

*Msomaji, Kimara*

Jibu

Dada yangu, tuanze na hiyo Serengeti, kwa sababu nashuku kwamba ndiyo inayokupotosha. Mtu aliyelipia safari iliyopangwa saa kwa saa, tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku, anaweza kurudi nyumbani amefurahi na amepumzika vizuri bila ya kuwa ameonja jasura hata kidogo, maana karibu kila kilichotokea alikuwa amekwisha kuonyeshwa kwenye picha kabla hajaondoka, na labda simba peke yake ndiye ambaye hakuifuata ratiba. Siwabezi rafiki zako. Ninachosema ni kwamba walichokinunua ni mapumziko, jambo jema, ila silo ulilouliza wewe. Jasura huanza pale mtu anapoingia katika jambo ambalo mwisho wake haujui, na mchezo huanza pale anapojiwekea sharti kwa hiari yake mwenyewe, sharti lisilo na faida yoyote nje ya mchezo huo. Vitu hivyo viwili haviuzwi, na vyote viwili vinapatikana katika njia unayopita kila siku.

Chukua mwendokasi wako. Umeandika kwamba unashuka Posta ya Zamani, na bila shaka unajua kuwa basi hilo haliishii hapo, bali linaendelea hadi Kivukoni. Jumamosi moja wachukue watoto, msishuke mnapozoea kushuka, mwende hadi mwisho wa njia, kisha mpande pantoni la kwenda Kigamboni. Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, mwenye gari anaweza kuizunguka bahari na asiguse maji, lakini watembea kwa miguu bado wanasongamana pale kwenye kivuko cha Magogoni na baiskeli zao, matenga yao na kuku wao, na nauli ya kuvuka haifikii bei ya soda. Mkifika ng'ambo, wekeni sharti: kwa muda wa saa nzima watoto ndio watakaoamua, katika kila njia panda, kama mwende kulia au kushoto, na wewe umekatazwa kabisa kusema "huko hakuna kitu". Utaona jinsi sharti hilo dogo linavyokuwa gumu. Sisi wazazi tumezoea kuongoza kiasi kwamba kumfuata mtoto wa miaka saba katika uchochoro usioufahamu, ukiwa huna la kufanya huko wala haraka ya kurudi, kunatusumbua kuliko foleni ya Ubungo. Kama mmeishia kwenye banda la mihogo ya kukaanga au kwenye ukuta usio na njia, yote ni sawa.

Mkiwa mmerudi upande wa mjini, soko la samaki la Feri liko jirani kabisa. Nenda asubuhi, wakati wa mnada, usimame pembeni kwanza utazame. Samaki humwagwa mezani mafungu kwa mafungu, dalali huanza kutaja bei kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata, na wanunuzi wanajibu kwa kidole, kwa jicho au kwa kutikisa kichwa tu. Ukijikuna sikio vibaya unaweza kurudi nyumbani na ndoo ya vibua. Wanawake wasio na mtaji mkubwa huchanga fedha, wakanunua fungu zima, kisha wakagawana palepale sakafuni. Sharti la mchezo hapa ni hili: usinunue changu wala nguru, ambao umewapika miaka yote. Nunua samaki usiyemjua jina, umuulize muuzaji anaitwaje na kwao anapikwaje, na jioni umpike kama ulivyoambiwa, hata kama moyo unakwambia kuwa nazi ingefaa zaidi. Ukiharibu mchuzi, familia itakuwa na hadithi ya kukucheka kwa mwezi mzima, na hapo mwanao atakuwa amepata jibu la swali lake.

Siku za kazi nazo zina nafasi, ingawa ni finyu. Kutoka kituo chako hadi Sanamu ya Askari, pale Mtaa wa Azikiwe unapokutana na Samora, ni mwendo mfupi tu, na naamini umeipita sanamu hiyo mara nyingi mno kuweza kuhesabu. Bila ya kwenda kuangalia, jibu: bunduki ya yule askari imeelekea upande gani? Maandishi yaliyo chini yake yanawataja askari peke yao, au kuna watu wengine? Mchana mmoja, badala ya kula ukiwa mbele ya kompyuta, nenda kahakikishe. Utakuta kwamba singe, kile kisu cha mwishoni mwa bunduki, imeelekezwa bandarini, na kwamba maandishi yanawakumbuka pia wapagazi, wanaoelezwa kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Sanamu hiyo ilisimikwa mwaka 1927. Kabla yake ilikuwapo sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Kesho yake mtegee swali hilohilo mwenzako wa dawati la pili, umwone anavyobabaika, kisha mwache naye akutafutie la kwake. Ofisi yenye wahasibu wanne wanaotegana maswali ya mjini kwao haiwezi kuwa ofisi ileile uliyonielezea.

Nina tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba jasura na kujihatarisha ni vitu viwili tofauti, na mwanamke anayejua mitaa ipi si salama baada ya magharibi asikubali kuambiwa na mtu yeyote, mimi nikiwamo, kwamba anakosa ujasiri. Ya pili ni simu. Iache mkobani. Safari inayopigwa picha kila hatua huanza kuendeshwa na watu ambao hawapo, na utajikuta unaitafuta njia panda inayopendeza badala ya ile aliyoichagua mwanao.

Swali

Mhariri, hujambo. Nina umri wa miaka 52, ni mkuu wa kitengo katika ofisi moja ya umma hapa Dodoma. Jumapili iliyopita niliingia uani nikacheza rede na mabinti zangu, nikaruka, nikaanguka, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Jirani aliyekuwa anachungulia juu ya ukuta alinicheka, na mke wangu akaniambia kuwa nimekuwa mtu mzima hovyo. Tangu siku hiyo najiuliza: mtu wa cheo changu anawezaje kucheza bila ya kupoteza heshima?

*Msomaji, Dodoma*

Jibu

Kaka yangu, pole kwa kuanguka. Kwa faida ya wasomaji ambao hawakukulia uwanjani, rede ni mchezo ambao wachezaji wawili hurushiana mpira wa matambara au wa soksi wakimlenga aliye katikati, naye hukwepa huku akijitahidi kuijaza chupa mchanga kabla hajapigwa. Ni mchezo wa kuinama, kuruka na kuchungulia nyuma kwa wakati mmoja, na mtu wa miaka 52 anayeujaza mchanga hata nusu ya chupa anastahili pongezi, hata kutoka kwa jirani.

Kuhusu heshima, nadhani mkeo na jirani yako wamesahau kwamba jamii yetu haijawahi kuwanyima wazee mchezo. Nenda kwenye baraza lolote la pwani alasiri uwatazame wazee wa bao. Mbele yao kuna ubao wenye mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja ameanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, na mpaka zile za mkononi ziishe mchezo uko kwenye hatua ya kwanza iitwayo namua, ndipo uingie kwenye ya pili, mtaji. Yote hayo yanajulikana tangu mwanzo, hakuna karata iliyofichwa wala bahati ya dadu, na bado hakuna anayejua kete zitakazomiminwa zitasimama wapi baada ya mizunguko mitatu. Mzee aliyekuwa amenyamaza kama yuko msibani anapoila nyumba ya mwenzake, yaani shimo lake kuu, hupiga kelele, watazamaji humzomea aliyeliwa, na hakuna hata mmoja atakayesema kuwa watu hao ni hovyo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na heshima yake haikupungua kwa kuonekana ameinamia ubao.

Halafu kuna utani, ambao kwetu ni taasisi kamili na si tabia ya mtu mmoja mmoja. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na kumgombania na mume halisi. Mnyamwezi na Mzaramo huchokozana kwa uhusiano uliojengwa tangu enzi za misafara ya biashara. Na hata msibani mtani anaweza kulizuia jeneza mpaka apewe chochote, wafiwa wakacheka katikati ya kilio chao. Watu waliotunga utaratibu wa namna hiyo walikuwa wanafahamu kwamba mzaha unahitaji kujulikana ni wa nani, kwa nani na wakati gani. Na hapo ndipo ninapokuonya kuhusu ofisini. Mtani ana haki ya kukurudishia; karani wako hana. Ukitaka kucheza kazini, cheza na walio sawa nawe au walio juu yako, na ukimtania aliye chini yako, uwe umemwonyesha mapema kuwa anaruhusiwa kukutania pia, tena mbele za watu. La sivyo utakuwa unacheka peke yako huku wengine wakikuchekea.

Nyumbani, usimwache mkeo akiwa mtazamaji, kwa sababu mtazamaji ndiye anayeona aibu. Kama rede haimpendezi, anza na vitendawili wakati wa chakula cha usiku. Sema "Kitendawili!" na hakikisha yeye ndiye anayejibu "Tega!" Mtegee vile vyepesi kwanza, "Kuku wangu ametagia miibani", akipata nanasi lake mwache atege yeye. Mkishindwa nyinyi, atadai mji, nanyi mtampa, tuseme Tanga, naye ndipo atakapopata raha yake kamili, kwa kusafiri hadi Tanga pale pale mezani, akasimulia alivyopokewa, alivyolishwa na jinsi watu wa huko walivyowacheka nyinyi mliobaki nyumbani bila akili, kabla hajawapa jibu. Mpeni mji mzuri. Ukimpa kijiji kisicho na jina atalipiza.

Jirani huyo naye mwalike Jumapili ijayo. Anayechungulia juu ya ukuta mara nyingi anasubiri kuitwa.

Swali

Mhariri, mimi ni muuguzi hapa Mwanza, nafanya zamu za usiku. Nikisoma ushauri wa kujaribu mambo mapya na kuyafanya maisha yawe na furaha, nachoka zaidi. Je, ni lazima?

*Msomaji, Mwanza*

Jibu

Si lazima, dada. Yote niliyoyaandika hapo juu yanamfaa mtu aliyelala, na mtu anayemaliza zamu asubuhi, akapika, akafua, akasinzia kidogo na kurudi wodini hapungukiwi na ubunifu bali na usingizi. Mchezo unaofanywa kwa sababu gazeti limesema ni kazi nyingine tu, na wewe kazi unazo za kutosha. Lala kwanza, na kama una watoto na kuna ndugu anayeweza kuwachukua siku moja kwa wiki, tumia siku hiyo kulala vilevile, wala usijilaumu kwamba hukuitumia kwa jambo la maana zaidi.

Ningependa utuandikie tena utueleze ratiba yenu ya zamu imepangwaje, unapata mapumziko ya siku ngapi baada ya usiku mfululizo, na wauguzi wangapi mnagawana wodi moja, kwa sababu ninashuku kwamba anayepaswa kulijibu swali lako ni yule anayepanga ratiba hiyo, na barua yako inaweza kutusaidia kumuuliza.