Matembezi ya siku moja hifadhini: mwongozaji au peke yako?

Umeuliza kama ulipe mwongozaji au utembee mwenyewe hifadhini kwa siku moja. Anza kwa kuuliza getini: hifadhi zenye tembo, nyati au simba mara nyingi haziruhusu kutembea kwa miguu bila askari mwenye silaha, na hapo mjadala umekwisha.

Kama njia ina alama na wanyama si tishio, amua kwa ramani. Kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Scotland, ya mwaka 1892 ya kukadiria muda wa kutembea bado inafaa sana: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Yaani kilomita 15 zenye mwinuko wa mita 900 ni saa 4 na nusu, bila mapumziko wala matope. Hesabu ikikaribia machweo, chukua mwongozaji au njia fupi. Tafadhali usibahatishe hapo.

Mimi napenda mwongozaji mara ya kwanza hata pasipo lazima. Atakuonyesha kinyesi cha nyati, bado kibichi, nawe utaelewa kwa nini amebadilisha njia. Mara ya pili, panaporuhusiwa, nenda mwenyewe, ila mwachie mtu jina la njia na saa ya kurudi.