Usinunue Diski za Seva ya Barua Pepe Kabla Hujajua Utazirudishaje Barua

Wiki iliyopita msomaji mmoja, kijana aliyeajiriwa karibuni kitengo cha TEHAMA huko Korogwe, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Tuna watumishi 800, nimeambiwa nipange hifadhi ya seva ya barua pepe. Ninunue diski ngapi?" Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi mnaosoma mnataka kukabidhiwa seva kubwa siku moja.

Hesabu ya nafasi ni nyepesi. Watu 800, kila mmoja gigabaiti 5, ni terabaiti 4, na uongeze ya kukulia maana mtumishi hafuti barua. Kinachowaponza wengi ni viambatisho. Faili likipita kwenye barua pepe hugeuzwa kuwa herufi na uzito wake huongezeka kwa takriban theluthi moja. Waraka wa likizo ulioskaniwa wa megabaiti 15 unafika ukiwa na 20. Afisa utumishi akiutuma kwa wote 800, na seva ikamwekea kila mtu nakala yake, gigabaiti 16 zimekwenda kabla ya chai ya saa nne. Tafuta programu ya seva inayohifadhi kiambatisho kimoja mara moja tu.

Lakini nafasi si swali la kwanza. La kwanza ni hili: seva ikianguka, utarudisha nini, kwa nani, ndani ya saa ngapi?

Mimi nililijua hili hapa Tanga, katika taasisi yenye makao makuu mjini na matawi hadi Lushoto na Handeni. Niliomba mashine ya bakapu, yaani ya kutunzia nakala za akiba, kila msimu wa bajeti, na kila msimu jibu lilikuwa lile lile: "Si tuna RAID?" RAID ni mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, na kweli aina yake tuliyokuwa nayo, RAID 5, inavumilia diski moja kufa. Ikifa ya pili kabla ya ile ya kwanza kujengwa upya, kila kitu kimekwenda. Kujenga upya diski kubwa huchukua saa nyingi, na muda wote huo diski zilizobaki, ambazo aghalabu zilinunuliwa siku moja na zina umri mmoja, zinasomwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Mwishowe nikapewa mashine kuukuu iliyokuwa inasubiri kufutwa kwenye daftari la mali. Nikaijaza diski, nikaiweka jengo la pili, ikawa inachukua nakala kila usiku.

Siku ikafika. Kiyoyozi cha chumba cha seva kilikuwa kimezima, na joto la Tanga la Februari mnalijua. Taa ya diski ya tatu ikawaka rangi ya chungwa. Nikaichomoa, nikachomeka mpya, ujenzi ukaanza: asilimia 4, 9, 15. Ilipofika 61, taa ya diski ya kwanza nayo ikabadilika, skrini ikajaa mistari ya makosa.

Hapo wengi wangekimbilia kurudisha barua zote. Mimi sikufanya hivyo. Terabaiti 4 kwenye mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde (biti 8 ni baiti 1) ni kama saa 9 kwenye karatasi. Lakini seva yetu iliweka kila barua kama faili lake, na kunakili mamilioni ya vifaili huburuta mno. Nilichofanya ni kuwafungulia watu wote masanduku matupu kwenye mashine ile ile kuukuu, ili watume na kupokea. Kisha nikaanza kumimina barua za mwezi wa karibuni, za zamani zikafuata nyuma. Barua zilizotumwa wakati tumezima hazikupotea, kwa sababu seva inayotuma ikikosa mpokeaji huishika barua na kujaribu tena, na kanuni za SMTP, yaani utaratibu ambao seva hutumiana barua, zinaitaka iendelee kwa siku 4 hadi 5. Zilizopotea ni zile zilizoingia baada ya nakala ya usiku, ndiyo maana sasa nachukua nakala kila saa. Asubuhi mhasibu wa Pangani alituma orodha ya malipo kama siku nyingine yoyote.

Kwenye kikao kilichofuata, shukrani zilikwenda kwa kampuni iliyotuuzia seva. Jina langu halikutajwa. Iliniuma, na bado inaniuma. Hata hivyo nakwambia fanya kazi hii kwa ajili ya yule mhasibu, makofi usiyasubiri.

Na usidanganywe kwamba nakala nyingi zinazojifuata papo hapo zinatosha. Kosa likitokea kwenye moja, linanakiliwa kwenye zote. Februari 2011 hitilafu ya programu ya hifadhi iliwafutia barua baadhi ya watumiaji wa Gmail, ingawa Google ilikuwa na nakala katika vituo kadhaa. Kilichowaokoa ni tepu, yaani kanda za sumaku za kutunzia data, kwa kuwa zilikuwa nje ya mfumo. Kwa hiyo uwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo na isiyoweza kufutwa kwa nenosiri la seva.

Anayekwambia uweke zote kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti, mwulize kuhusu Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti nchini ikayumba. Hata siku njema, kushusha terabaiti 4 kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde ni zaidi ya siku 18. Wingu liwe nakala ya tatu.

Kila mwezi chagua sanduku moja la mtumishi aliyekupa ruhusa, ulirudishe kwenye mashine ya pembeni, ufungue barua na viambatisho vyake, uandike umetumia muda gani. Karatasi hiyo, pamoja na hatua zote na nenosiri la bakapu, ifunge kwenye bahasha akae nayo mwenzako mmoja, na umfanyishe zoezi zima yeye mwenyewe wewe ukiwa umekaa kando kimya.