Dogo, Miguu Peke Yake Haitakufikisha

Jumapili nimepata meseji inboksi kutoka kwa dogo mmoja wa Shinyanga, ana miaka 19. Ananiambia shikamoo kaka, mimi huku kwetu hakuna anayenigusa, mwaka huu nimeshachukua mbio tatu za baiskeli, naomba unisaidie nipate timu Ulaya, nataka kufika Tour de France. Nikaisoma mara tatu nikaweka simu pembeni. Yaani ni maneno yangu mwenyewe ya miaka kumi iliyopita, na wakati ule hakuna mtu aliyenijibu.

Nimemjibu yeye, na nimeona nijibu na hapa kwa sababu najua mko wengi.

Mimi nilianzia kwenye Phoenix ya chuma, nabeba abiria kutoka stendi mpaka Ndala, mpaka Ibadakuli, mtu na begi lake na gunia juu, na upepo wa mchana wa Shinyanga mnaujua. Ile kazi ilinipa miguu. Mbio zangu za kwanza nilishinda kwa baiskeli ya kuazima nikapata laki tatu, mama akanunua mabati. Mabati yale yapo mpaka leo. Baadaye nikahamia Arusha, nikapata baiskeli ya mbio ya mtumba, nikawa nakwenda Namanga na kurudi kwa siku moja, zaidi ya kilomita 200, peke yangu, maji nanunua Longido. Nilipokuja kupimwa kwa mashine nikatoa wati 340 kwa dakika 20, nina kilo 61. Aliyenipima alirudia kipimo akidhani mashine imekosea. Naisema hii kwa sababu ni kweli na nilifanya kazi kuipata.

Basi timu moja ndogo ya daraja la tatu ikanichukua kwa msimu mmoja, nikapelekwa Ubelgiji, Flanders.

Sasa sikiliza. Kule wana mbio za vijijini wanaziita kermis, karibu kila siku ya kiangazi zipo mahali fulani. Unaingia baa ya kijiji, unaonyesha leseni, unapewa namba na pini nne, wazee wanakunywa bia wanakuangalia. Mbio yangu ya kwanza ilikuwa mizunguko 14 ya kilomita 8. Kilomita 112, tambarare kabisa, hakuna hata tuta. Nikasema moyoni hii si ni Namanga kwenda tu, nikajipanga nyuma kabisa ya kundi nisimsumbue mtu.

Mzunguko wa nne nikaachwa.

Nilikuwa siamini. Mapafu yapo, miguu ipo, lakini kundi limeondoka. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kilichotokea. Kwenye kona, watu ishirini wa mbele wanapita bila kushika breki sana, wa katikati wanashika kidogo, sisi wa mkiani tunakaribia kusimama, halafu wa mbele wanakuwa wameshachanganya na wewe inabidi usprinti kuwafikia. Mzunguko ule ulikuwa na kona 12. Zidisha mara 14 uone ni sprinti ngapi, sprinti ambazo aliyekaa nafasi ya kumi na tano hajapiga hata moja. Hana nguvu kukuzidi, amekaa mahali pazuri tu.

Halafu upepo wa ubavuni. Ukitoka kushoto, watu wanajipanga mshazari kutoka kushoto ya barabara kwenda kulia, kila mmoja amejificha nyuma ya nyonga ya mwenzake. Barabara nyembamba ile inatosha labda watu kumi, wa kumi na moja anabaki ukingoni kabisa, gurudumu liko kwenye mchanga na upepo wote ni wake. Mimi nilikuwa huyo wa kumi na moja kila siku. Nilikuwa nadhani wale wazungu ni wachoyo wananizibia makusudi, kumbe wanazibiana wote, ndiyo kazi yenyewe, na asiyejua kuingia kwenye mstari anakatika na walio nyuma yake wote wanakatika naye.

Kwa sababu mimi, dogo, nilikuwa nimejifunza kila kitu peke yangu kwenye barabara ya Namanga. Sijawahi kugusana bega na mtu kwa kilomita 50 kwa saa. Sijawahi kuchukua chupa kwenye gari la timu. Nilikuwa naogopa kuachia usukani nile, basi sili, kilomita ya 80 moto unazima. Kujificha nyuma ya mtu kunakuokolea karibu theluthi ya nguvu, nusu mita ikikushinda kwa sababu ya woga umeshailipa hiyo theluthi kutoka mfukoni mwako.

Mbio sita nilimaliza moja. Ya saba nilidondoka nikavunja mfupa wa bega, na mwezi wa nane meneja akanitumia WhatsApp ya mistari miwili kwamba asante, tiketi ya kurudi iko kwenye imeili. Hajaja hata kunisalimia na nilikuwa naishi nyumba ya jirani. Bado inaniuma, sitawadanganya. Na hela sikupata kwa sababu mkataba nilisaini bila kusoma, kurasa sita za Kiingereza, ukurasa wa nne unasema wazi nitapewa nauli, malazi na chakula basi. Timu za madaraja mawili ya juu UCI, yaani shirikisho la baiskeli duniani, imeziwekea kima cha chini cha mshahara, daraja la tatu haijaweka. Kwa hiyo mtu akikwambia timu ya Ulaya, muulize daraja gani kwanza, na mkataba mpe mtu anayejua asome. Hilo ni la lazima ila sitakaa nalo sana, turudi kwenye kundi.

Mnamtaja Chris Froome kila siku, kwamba alizaliwa Nairobi na kashinda Tour mara nne. Sawa, lakini 2006 kule Salzburg, mashindano ya dunia ya vijana, mbio ya kushindana na saa, kila mtu anatoka peke yake, yupo na jezi ya Kenya, alitoka tu kwenye mstari akamgonga ofisa wakadondoka wote wawili. Miguu ile ile iliyokuja kushinda 2013! Alikuwa bado hajaiva kwenye kuendesha.

Na Biniam Girmay wa Eritrea je? Mwaka 2024 kachukua hatua tatu za Tour, yaani kashinda siku tatu, na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, Mwafrika mweusi wa kwanza. Huyu alikulia kwenye mbio za mitaa ya Eritrea, kundi limebanana, kisha akapitishwa kituo cha UCI kule Aigle, Uswisi. Iangalie ile sprinti ya Turin, hatua yake ya kwanza kushinda, usiangalie miguu, angalia kilomita mbili za mwisho anavyopita kwenye upenyo ambao wewe na mimi tungeshika breki.

Mwaka 2025 nilipanda basi mpaka Kigali kuangalia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza Afrika. Nilisimama pale Kimihurura, kwenye mlima wa barabara ya mawe. Kilomita 267.5, wakamaliza watu 30 tu, na Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda, alikuwa ameshachomoka zikiwa zimebaki zaidi ya 100. Watu wote pembeni yangu wanapiga kelele za mlima, mimi naangalia chini kwenye kona kabla ya mlima, mizunguko ya mwanzo, wanavyogombania nafasi, viwiko vimetanuka, hakuna anayepiga kelele, anayeingia wa tano anapanda kwa mwendo wake na wa sitini anasubiri foleni. Nilitoa machozi aisee. Nilikuwa naona mzunguko wangu wa nne.

Kwa hiyo dogo, acha kujisifia kwamba unawaacha wenzako wote kilomita ya 20 na unafika peke yako. Unaposhinda hivyo hujifunzi kitu. Acha kwanza kutafuta wakala. Tafuta wenzako watano, hata wawe dhaifu kuliko wewe, mkae gurudumu kwa gurudumu barabara ya Mwanza, mpokezane mbele kila nusu dakika, mguse viwiko kwenye majani mkidondoka hamuumii, mle mkiwa kwenye mwendo, mvae helmeti. Helmeti siyo urembo, marehemu Suleiman Kangangi wa Kenya alikuwa mzoefu kutuzidi wote na bado tulimpoteza kwenye mbio Vermont, Agosti 2022. Miezi sita hivyo, kila wiki, na mchana ule upepo unapovuma ndiyo mtoke, msiukimbie.

Amenijibu jana usiku kwamba amepata wanne, mmoja ana Phoenix. Nimemwambia huyo wa Phoenix akae mbele upepo ukiwa mkali, na Jumamosi wanirekodie video wakipeana chupa bila kusimama.