Priampu ya Zamani na Sabufa Mpya: Msiharakishe Kutupa

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwa masikitiko. Amenunua sabufa (spika ya sauti nzito, yaani besi) yenye amplifaya yake ndani, na muuzaji amemwambia kwamba, kwa kuwa priampu yake ya miaka ya 1970 (kifaa cha kuchagua na kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye amplifaya) haina tundu la sabufa, hana budi kuiacha na kununua risiva ya kisasa, yaani priampu na amplifaya katika kisanduku kimoja. Niliwahi kuambiwa maneno hayo hayo na fundi niliyemheshimu sana, na sifichi kwamba yananichoma hadi leo, kwa kuwa aliyatamka bila hata kuigeuza priampu yangu akatazama nyuma yake.

Sabufa haihitaji tundu lenye jina lake. Inahitaji sauti ya kushoto na ya kulia inayopanda na kushuka kwa kufuata kitufe cha sauti, na hiyo hutolewa na priampu yoyote ya stereo. Ikiwa kuna jozi mbili za matundu makuu ya kutolea sauti, moja iende kwenye amplifaya na nyingine kwenye sabufa. Ikiwa ipo moja tu, kama kwangu, kigawanyio cha waya kwa kila upande kinatosha. Tundu la kurekodia kanda halifai, maana halifuati kitufe cha sauti. Wala msiunganishe matundu ya kushoto na kulia katika waya mmoja, kwani kila upande utakuwa unasukumana na mwenzake, na muziki utageuka mono hata kwenye spika kubwa.

Priampu yangu ni ya valvu (taa za kioo zilizotumika kabla ya transista), na hapo ndipo palipokuwa na jambo la kuangaliwa kwa makini. Nilipoiunganisha na sabufa, besi ya spika kubwa ilipungua. Nilikaa na mchoro wa saketi mpaka nikaiona sababu: sauti hutoka kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.47, na kapasita hiyo, ikikutana na ukinzani wa kifaa kinachopokea, huwa chujio la kuzuia sauti nzito. Amplifaya yangu ina kiloomu 47, kwa hiyo ilipokuwa peke yake chujio lilianzia karibu na Hz 7 (mitetemo 7 kwa sekunde), chini ya upeo wa sikio. Sabufa ina kiloomu 10. Vifaa hivyo viwili vikiwa sambamba, ukinzani hushuka hadi kiloomu 8 na ushei, na chujio hupanda hadi karibu na Hz 41. Hapo ndipo ilipo noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne, na tayari nguvu yake imepungua kwa nusu.

Dawa niliipata kwenye sabufa yenyewe. Nyingi zina viunganishi vya kupokea sauti kutoka kwenye vituo vya spika vya amplifaya, na kwa kuwa ukinzani wa viunganishi hivyo ni mkubwa mno kuliko wa spika, amplifaya haielemewi, na priampu hubaki na mzigo wake wa awali. Besi yangu ilirudi yote, na ninajivunia kusema kwamba priampu ile ile iliyohukumiwa ndiyo inayofanya kazi hadi sasa. Ndugu zangu, dai la kutupa kifaa kizima lisipokelewe kabla ya kusomwa mchoro wake. Wenye priampu za transista kwa kawaida hawakutani na tatizo hili kabisa.

Zimeni vifaa vyote kabla ya kugusa vituo vya spika, na kwanza mhakikishe kwamba amplifaya yenu si ya aina ambayo kituo chake hasi hakikuunganishwa na ardhi, kwani hiyo huhitaji uunganishaji tofauti ulioelezwa kwenye kitabu cha sabufa. Wanaotumia waya za priampu waliache tundu la LFE (la besi ya pekee ya filamu), ambalo kwenye sabufa nyingi huiruka krosova, yaani chujio linaloamua sabufa ipokee sauti nzito kuanzia wapi kwenda chini. Krosova yenyewe ianzie pale spika kubwa zinapoishiwa na besi, kisha swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa mawimbi ya sabufa) ijaribiwe kwenye 0 na kwenye 180, na iachwe pale besi inaposikika kwa nguvu zaidi mahali mnapoketi.