Kama walisifiwa, ubaya wa picha zile za wanawake wa Burma uko wapi?

Mdau, umeuliza: ikiwa Waingereza walioitawala Burma (leo Myanmar) walimsifu mwanamke wa huko kuwa huru kuliko wenzake wa Mashariki, kwa nini watu wanazilalamikia picha za wanawake hao za enzi ya ukoloni? Nikujibu kwa kilichopo nyumbani kwetu.

Babu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku kwetu. Mwaka 1944 alipigana Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw mpaka Kalewa. Alirudi na kadi ya posta, ya zile za studio za Rangoon, mji mkuu wa Burma enzi hizo. Msichana amekalishwa kwenye kiti cha nakshi, maua nyweleni, msokoto mnene wa tumbaku mkononi, nyuma yake pazia lililochorwa bustani. Chini pameandikwa kwa Kiingereza "Mrembo wa Kiburma". Jina lake hakuna. Lakini wanawake aliowasimulia babu walikuwa wengine kabisa: akina mama wa kando ya mto Chindwin, nyusoni wamepaka gome la mti lililosagwa kwa maji juu ya jiwe, vilevile bibi alivyosaga liwa Kilwa, wanauza mboga na hela wanazishika wenyewe.

Ni kweli, kwa mila zao mwanamke alirithi, alimiliki mali na aliweza kudai talaka. Tazama sasa sifa ile ilitumikaje. Maofisa waliandika kwamba mwanamke wa Burma ni mchapakazi na mumewe mvivu. Basi nchi ya wanaume wavivu ikaonekana lazima itawaliwe. Na ofisa aliyekaa na msichana bila ndoa akapata pa kujifichia: si wanawake wa huku wako huru? Akihamishwa, mama anabaki na watoto.

Washan, Wakareni na Wakachin walipigwa picha kama vielelezo, kabila likawa ndilo jina la mtu. Linaloniuma zaidi ni la Wakayan, walioitwa Padaung. Miaka ya 1930 wanawake wao walipelekwa Uingereza kuonyeshwa kwenye sarakasi kwa sababu ya mizunguko ya shaba shingoni, wakaitwa wanawake twiga. Watu wazima, wenye watoto na mashamba!

Na uhuru wenyewe? Mwaka 1927 wanawake waliandamana Rangoon wakitaka kifungu kilichowazuia kugombea Baraza la Kutunga Sheria kifutwe. Hoja ikaangushwa. Maandamano yale sijayaona kwenye kadi yoyote.