Tone Lisilo na Maelezo: Kwa Wanaoanza Kusoma Usalama wa Safari za Anga

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya anga hapa Dar es Salaam, wengi wenu huniuliza muanze na kitabu gani na hesabu zipi. Hayo walimu wenu watawaonyesha. Mimi nilipima maji maabara kwa miaka kumi na miwili kabla sijaanza kufundisha, na ninalotaka mlishike mapema ni moja: dosari ndogo msiipe sababu kabla hamjaipima.

Kosa hilo nililifanya mwenyewe. Nilikuwa napima sampuli za visima virefu vya Kigamboni, ambako bahari iko karibu na chumvi katika maji si habari ngeni. Kabla ya kazi, kipimo cha chumvi hutumbukizwa katika maji yasiyo na chumvi, yale ambayo mafundi wa magari huyaita maji ya betri, na mita hutakiwa kusoma karibu na sifuri. Asubuhi hiyo ilisoma juu kidogo. Niliandika daftarini kwamba chombo hakikuoshwa vizuri, nikaendelea. Siku sita baadaye mwenzangu alikipindisha kipimo mbele ya dirisha na kuonyesha waya uliochubuka shingoni, mahali unyevu ulipokuwa ukipenya. Sampuli zote za wiki ile zilichukuliwa upya, na familia zilizokuwa zikisubiri majibu ya visima vyao zikasubiri tena. Sababu niliyoiandika sikuwa nimeichunguza. Niliichagua kwa kuwa nilikuwa nimeizoea.

Tarehe 9 Julai 2013, Luca Parmitano, mwanaanga wa Italia, alirudi ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga baada ya kazi ya nje, na maji yakaonekana katika helmeti yake. Ilidhaniwa kwamba mfuko wa maji ya kunywa ulio ndani ya vazi ulikuwa umevuja, kwa maana watu walikwisha kuzoea kuamini kwamba mifuko hiyo huvuja. Tarehe 16 alitoka tena na vazi lilelile. Baada ya dakika arobaini na kitu alihisi maji kisogoni. Mahali ambapo vitu havina uzito maji hayadondoki, bali hung'ang'ania ngozi na kutambaa. Yakamfikia machoni, yakamziba pua, na alirudi mlangoni akiongozwa na kamba yake ya usalama kwa sababu haoni vizuri. Yaliyokusanyika yalikadiriwa kuwa lita moja na nusu. Uchunguzi ulionyesha kwamba matundu madogo katika kifaa kinachotenganisha maji na hewa yalikuwa yamezibwa na uchafu, hivyo maji ya kupoza vazi yakaingia katika njia ya hewa. Baada ya hapo helmeti ziliwekewa pedi ya kunyonya maji pamoja na mrija wa kupumulia.

Someni kisa hiki polepole. Mfuko ungeweza kupimwa ndani ya ile wiki moja. Hata Challenger, chombo cha anga cha Marekani kilichopotea na watu saba tarehe 28 Januari 1986, kilikuwa na historia ya namna hiyo: kuungua kwa pete za mpira katika roketi za pembeni za vyombo vya aina yake kulikuwa kumeonekana tangu mwaka 1981, na kila chombo kiliporudi salama, hofu ilipungua.

Wanaotafuta maji kwenye sayari nyingine wana mtego wao, nao unavuta upande wa pili, kwa kuwa wao wanayatamani maji. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba picha za chombo Mars Reconnaissance Orbiter zinaonyesha mistari myeusi inayorefuka kwenye miteremko ya Mirihi wakati wa joto. Mwaka 2015 dalili za chumvi zenye maji zilifanya wengi waamini kwamba maji yanatiririka. Mwaka 2017 wengine walipima mteremko wenyewe, wakakuta kwamba mistari hiyo huishia palepale ambapo mchanga mkavu hushindwa kuendelea kuporomoka, dalili kwamba ni mchanga unaoteremka, si maji. Ukitaka kuelewa kipimo hicho, nenda mahali popote wanapojenga, Tegeta au Mbagala, utazame lori likimwaga mchanga: lundo hujipanga kwa mwinamo wake, na ukiongeza koleo moja juu, mchanga huteremka kisha husimama kwa mwinamo uleule.

Napenda zaidi kuwafundisha kwa mfano wa Phoenix, chombo kisicho na watu kilichotua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi tarehe 25 Mei 2008. Mkono wake wa mashine ulichimba mfereji, na ndani yake yakaonekana mabonge meupe. Yangeweza kuwa chumvi. Watafiti waliyapiga picha, wakasubiri siku nne, wakayakuta yametoweka. Chumvi haiwezi kugeuka mvuke namna hiyo, barafu inaweza. Hata hivyo hawakuishia hapo, bali mwezi Julai waliweka udongo katika tanuri dogo la chombo, wakaupasha moto na kuupima mvuke wa maji uliotoka.

Kwa hiyo mnapofungua daftari Jumatatu, chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ulichokiona, pamoja na saa na kipimo. Kulia andika unachodhani, na chini yake jaribio litakaloonyesha kama umekosea. Kama upande wa kulia una dhana bila jaribio, usigeuze ukurasa, njoo uniite.